Kituo kimeacha kumchapa mwanangu, mume wangu amekataa kuacha

Admin, naomba ufiche jina langu. Nina miaka thelathini na moja, naishi Katoyi hapa Goma, nina watoto wawili. Wa kwanza, Neema, ana miaka minane na hajawahi kusema neno. Akikasirika anajing'ata mikono mpaka damu itoke.

Tulimpeleka kituo cha watoto kama yeye, huko Murara. Wakatufundisha kwamba kila anapojing'ata apakwe pilipili mdomoni palepale, au achapwe. Mimi nililia, lakini mume wangu alishika somo vizuri mno. Mwaka huu akaja mwalimu mpya, akatuita. "Papa Neema, Mama Neema, ile ya pilipili na fimbo tumeacha. Inamutia mutoto woga, haimufundishe kitu. Tuangalie kwanza anataka nini."

Akamfundisha Neema kujipiga kifuani kwa kiganja, maana yake "basi, nimechoka". Akifanya hivyo, kila mtu anaacha. Jamani, nilicheza kwa furaha, maana lilikuwa neno lake la kwanza. Kujing'ata kukapungua. Lakini mume wangu alimgeukia mwalimu kwa hasira. "Ni nyinyi mulinifunza kumupiga. Kwa hiyo nilimutesa bure?"

Jumamosi iliyopita Neema alijing'ata mbele ya wageni. Baba yake akavua mkanda. Mtoto akajipiga kifuani, akarudia kwa mikono yote miwili huku akimtazama, na mkanda ukashuka kwenye mikono ileile. Nikamwambia, "Papa Neema, anasema basi." Hakuacha. Nikachukua mchi wa kutwangia majani ya sombe, nikampiga nao kichwani. Akaanguka, shati lote damu.

Ameshonwa, yuko hai. Mimi na watoto tuko kwa dada yangu. Familia yake inataka nirudi, nipige magoti, na nisiingilie tena anapomrudi mtoto wake. Kupiga magoti naweza. Si mlevi, anatulisha, na bado nampenda, nisiwadanganye.

Lakini tangu siku ile Neema hajipigi kifuani tena. Jana nikimsuka nilimvuta nywele vibaya, akaumia. Machozi yakamtoka, mikono ameikalia asiitoe.

Ninyi mnaosoma, semeni nami bila matusi: mngekuwa mimi, mngemrudisha Neema kwa baba yake?