Vumbi la Ovaroli

Dada yangu mkubwa alikuwa na vita na uchafu. Kufua hata mimi najua, lakini yeye ukivua shati kwake hulioni tena mpaka limekauka na kukunjwa. Tulipokuwa wasichana aliwahi kunipiga kwa sababu ya soksi. Nami nilimjibu, maana mdomo wangu sikuuazima kwa mtu.

Akaolewa na fundi wa kiwandani ambaye wote tulimwita Boila. Kazi yake ilikuwa kuvika mabomba ya mvuke. Walikoroga unga wa kijivu na maji kwenye pipa, wakalikandika bomba kama mtu anavyokandika ukuta. Ukikauka, bomba halimchomi mtu. Unga ule ulikuwa asbesto. Wenyewe waliuita unga tu. Jioni Boila alirudi mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, na dada alimsimamisha mlangoni.

"Hapo hapo! Usiniingizie kiwanda ndani."

"Mke gani huyu, mume anapokelewa kama mwizi?"

"Vua, bwana!"

Boila anavua, anacheka, anaingia ndani na kaptula. Dada anaishika ovaroli mabegani, anaikung'uta kwenye nguzo ya kibaraza, pa, pa, pa, wingu linapanda, anakohoa kidogo, anaitumbukiza kwenye beseni. Siku sita za wiki, miaka kumi na minne. Hata magunia ya ule unga Boila alikuja nayo nyumbani, kwa kuwa hayakuchanika upesi. Dada aliyageuza, akayakung'uta, akashona vitambaa vya kupangusia miguu mlangoni. Kimoja alinipa mimi. Nikamlalamikia kwamba kinawasha.

Kiwanda kikafungwa. Watoto wakakua wakaenda kwao. Tukazeeka kidogo, yeye mbele, mimi nyuma. Miaka ishirini na mitano ikapita hivyo, halafu pumzi ikaanza kumpungukia. Anafua shuka moja, anakaa. Anapanda ngazi tatu za kibaraza, anashika nguzo.

"Uzee huo, dada," nikamwambia.

"Uzee wako wewe. Mimi nimechoka tu."

Upande wa kulia wa kifua ulikuwa unamvuta anapolala. Tukampeleka hospitali ya karibu, Boila na mimi. Picha ikaonyesha maji yamejaa pembeni ya pafu. Daktari akamchoma sindano mgongoni, akanyonya zaidi ya lita moja, maji ya rangi ya chai. Halafu akachukua kadi ya dada.

"Mama anafanya kazi gani?"

"Hana kazi," akasema Boila. "Yupo nyumbani tu."

Dada akatikisa kichwa kukubali. Nami nikakubali, mdomo wangu ninaousifia ukiwa umefungwa kama mfuko. Daktari akaandika: mama wa nyumbani. Makohozi yakapimwa mara tatu, mdudu wa kifua kikuu haonekani. Daktari akasema wakati mwingine hujificha, akampa dawa za kifua kikuu. Miezi sita dada alimeza vile vidonge bila kukosa hata siku moja. Miezi sita maji yalinyonywa, yakarudi, yakanyonywa, yakarudi. Simlaumu sana yule daktari. Aliuliza swali, tukampa jibu.

Ndipo wakatuandikia barua ya hospitali kubwa. Huko walimpitisha kwenye mashine ya kupiga picha za ndani, wakaona utando unaofunika pafu umenenepa na kufanya vinundu. Maji yale hayakutosha kuwapa jibu. Wakamtoboa katikati ya mbavu, wakaingiza kamera nyembamba, wakakata vipande vya utando kupeleka maabara. Tukasubiri wiki tatu.

Siku ya majibu Boila alikuwa kwenye foleni ya dirisha la dawa. Ndani tulikuwa dada, mimi na daktari, mwanamke wa umri wa binti yangu, mwenye sauti ya taratibu. Hakuuliza dada anafanya kazi gani. Aliuliza, "Mama, zamani nyumbani kwako kulikuwa na mtu anafanya kazi ya vumbi?"

Mimi ndiye niliyesema unga. Nikasema ovaroli, nikasema nguzo, nikasema magunia. Nilisema yote kwa mara moja, na kila nilipoongeza neno daktari aliacha kuandika kidogo.

"Nani alikuwa anazikung'uta hizo ovaroli?"

"Mimi," akasema dada.

Daktari akatueleza. Lile vumbi ni nyuzi ndogo zisizoonekana. Mtu akizivuta zinaingia ndani, nyingine zinafika kwenye utando wa mapafu, na mwili hauwezi kuzitoa. Zinakaa miaka ishirini, thelathini, hata hamsini, kisha saratani inaota hapo. Inaitwa mesothelioma. Inafanana na kifua kikuu, inafanana na mambo mengi, ndiyo maana bila kujua vumbi la zamani watu hupotea njia.

"Tungekuja mapema?" nikauliza.

"Ni saratani ngumu hata ikiwahiwa."

"Na kuikata?"

"Imetambaa kwenye utando wote. Kuna dawa za kupitisha kwenye dripu. Zinaweza kuichelewesha, pengine zimpe miezi. Kumponya haziwezi, mama, nisikudanganye. Na mumewe naye aje apimwe kifua."

Dada alinishika mkono kabla hatujatoka. "Apimwe. Mwambie wanapima familia nzima. Ule unga usimtajie. Akijua, mtakuwa na maiti wawili."

Nikaapa. Boila alipimwa, akaonekana mzima kama mlango. Alifurahi, maskini, akasema angalau mmoja wao ana nguvu za kumtunza mwenzake.

Dripu alipata nne. Chakula kikawa na ladha ya misumari, nywele zikawa nyepesi, na picha iliyofuata ikaonyesha vinundu vimeongezeka. Wakaziacha. Ili maji yasirudi, walimwingizia poda maalumu kifuani, pafu ligande kwenye ukuta wa kifua. Boila alikuwa nje; dada akamtazama daktari. "Vumbi limeniua, na bado mnanitia vumbi?" Daktari alicheka, kisha akageukia dirisha. Maji yalipungua kweli. Maumivu hayakupungua, ndiyo tukapewa mofini ya kunywa, kijiko kila baada ya saa nne.

Kazi ya kufua akaichukua Boila. Anafua vibaya, mapovu yanabaki kwenye pindo, na dada anamkosoa kutoka kitandani kwa sauti iliyokatika. Kitanda tulikisogeza dirishani apate hewa. Asubuhi moja Boila alikuwa nje kibarazani na shuka iliyokauka, amejaa bidii. Akaishika ncha mbili, akainua mikono, akaipiga kwenye nguzo. Pa!

"Usikung'ute hapo!"

Sijui pumzi ile dada aliitoa wapi. Boila akabaki mikono juu. Akaitazama shuka, akaitazama nguzo, kisha akamtazama mkewe dirishani. Mikono ikashuka taratibu, shuka ikaanguka ngazini.

"Ni ule unga?"

Dada, ambaye tangu azaliwe hajaacha swali bila jibu, akafumba macho. Boila akanigeukia. "Shemeji, ni ule unga?"

Nikageukia kitanda, nikamfunika dada mabega.

Akaingia ndani, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mbona mimi niko mzima? Niliyekuwa ndani ya ile ovaroli ni mimi."

"Wewe nilikuvulisha mlangoni," akasema dada.

Boila akalaza kichwa chake juu ya miguu ya mkewe, na dada akamwacha. Mimi nikatoka nje. Nikaiokota ile shuka kwa ncha, pole pole, nikaitumbukiza kwenye beseni bila kuikung'uta. Nikasimama pale nikiangalia maji yanavyoilowesha, maana kingine cha kufanya hakikuwepo.