Kahawa Isiyonywewa

Mwanangu, sogea karibu na unyamaze kidogo, maana nataka kukupa siku moja ya baridi ya Maskati ambayo hainitoki mwilini. Kila nikisikia vijana wanagombea nani mwenye asili na nani wa kuja, siku ile hunirudia, najiona tena msichana niliyekwisha kuposwa, nimesimama nyuma ya pazia nangoja kujua kama nitaolewa au sitaolewa.

Sisi tuliotoka Unguja baada ya yale mambo ya sitini na nne tulidhani Uarabuni ni joto tu. Hakuna aliyetuambia kuwa ikifika Disemba upepo unashuka kutoka milimani na kupita chini ya mlango, na maji ya kutawadhia alfajiri yanakata vidole. Asubuhi tulipanda darini kuota jua. Jioni, wakubwa kwa wadogo, tulilizunguka jiko la makaa. Mama yangu alivaa magauni matatu, moja juu ya jingine, akasema bora achekwe kuliko afe. Na kuni zetu, mwanangu, hatukuzinunua. Zilitoka nyumbani kwa Mzee Khalfan, mkewe akituletea mzigo kila asubuhi bila ya kuombwa.

Mzee Khalfan alikuwa Mmaskati wa damu, ana duka la vitambaa ndani ya ukuta wa mji. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, alichokiokota ujanani katika safari za Mombasa na Lamu. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuja kwetu, na kilichomleta ni kitu kimoja: yeye na baba yangu, Bwana Nassor, walikuwa na wazimu wa khabari za wafalme. Wengine hupenda mpira, wengine karata. Hawa wawili walipenda masultani. Nani alimrithi nani, mama yake alitoka wapi, alijenga jumba gani, alimwoa binti wa nani na kwa nini akamwacha. Mmoja akisahau jina, mwenzake hulitoa, na hapo utasikia kicheko nyumba nzima. Baba yangu alikuwa ameacha Unguja nyumba yake, kazi yake na kaburi la ndugu yake. Uso wake ulifunguka saa ile tu ya wafalme. Kwa hilo nilimpenda Mzee Khalfan kabla sijampenda mwanawe.

Maana posa yangu ilizaliwa kwenye vikao hivyo. Salim, mwana wa Mzee Khalfan, alikuwa anakwenda Kuwaiti kutafuta kazi kama vijana wengi wa wakati ule, na chombo chake kilikuwa kinaondoka Jumamosi. Wazee wakakubaliana ndoa ifungwe Ijumaa, ili asafiri akiwa na mke wa kumrudia. Mimi nilikuwa nimemwona mara mbili tu kutoka dirishani. Zilitosha.

Jumapili ya wiki ile mvua ilinyesha tangu asubuhi, baridi ikazidi, na wazee wetu wakafika kwenye mlango wa khabari ambao kila siku waliupita kwa utani: pale mfalme mkubwa alipofariki na wanawe wakagawana ufalme, huyu akashika Maskati, huyu akashika Unguja. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Sijui ilikuwa baridi, sijui ilikuwa huzuni ya baba, lakini sauti yake haikuwa ya utani.

"Sema utakavyo, Sheikh Khalfan. Kiti chenyewe kilikuwa Unguja. Karafuu kule, majumba kule, taa kule. Nyie huku mlibaki na mawe."

Mzee Khalfan akasema polepole: "Na nyie mmerudi kujisitiri kwenye mawe hayo hayo."

Nilikuwa nyuma ya pazia na dele la kahawa mkononi. Baba aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Mzee Khalfan akajitupia shali yake begani, akatoka na mvua ile bila ya kuaga. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hiyo walijikwaa wote wawili, na mimi ndiye niliyekuwa nachechemea.

Jumatatu Mzee Khalfan hakuja, wala Jumanne. Mama akimwuliza baba habari za Ijumaa, jibu lake ni moja: "Ijumaa ni siku ya Mungu." Mama alifungua sanduku, akazitazama nguo zangu za arusi, akalifunga tena. Kuni zilikuja vilevile kila asubuhi, lakini baba alikataza zisikokwe. Alisema hataki kuota moto wa mtu aliyemsimanga. Tukakaa na baridi yetu, meno yanagongana, mpaka bibi yangu mzaa baba, Bi Sharifa, alipochoka. Yeye alizaliwa Samail, bara ya Omani, akapelekwa Unguja angali mdogo, na sasa, uzeeni, alikuwa amerudi huku alikozaliwa. Alivuta jiko mbele yake akatia kuni. "Kuni hazijanisimanga mimi," alisema. Baba alijifanya hakuona, ila baada ya muda nilimwona anasogeza kiti chake.

Alkhamisi alasiri tukasikia hodi. Alikuwa Mzee Khalfan.

Nilijibanza nyuma ya pazia. Wakaamkiana kwa maneno yale ya lazima, kheri, Alhamdulillahi, hakuna lililozidi. Bibi alikuwa pembeni na tasbihi yake. Baba mwenyewe akamimina kahawa, akampa mgeni kwa mkono wa kulia. Mzee Khalfan akaipokea kwa heshima, na badala ya kuinywa akakiweka kikombe chini, juu ya mkeka, mbele ya magoti yake.

Wewe hujui jambo lile lilivyotuchoma. Kwetu Unguja kahawa hata adui huinywa. Ukiikataa nyumbani kwa mtu umemwambia hafai, hata maji yake hayafai. Niliona shingo ya baba inakuwa ngumu. Mvuke wa kahawa ulipanda, ukapungua, ukakoma. Mzee Khalfan anaitazama tu.

"Kama kahawa yangu imekuwa haramu," baba alisema, "mlango haujafungwa."

Mzee Khalfan aliinua uso. Alikuwa amepauka. Akaweka mkono chini ajiinue, na mimi nikaona ndoa yangu inainuka naye. Ningeweza kupiga ukelele.

"Nassor!" Bibi alisema. Sijawahi kumsikia akimwita baba kwa sauti ile. "Kaa kitako. Wewe unamjua kila mfalme alikalia kiti gani, na mgeni aliyekaa mkekani pako hujui amekuja na nini! Huku kwetu mtu akiweka kahawa chini, ana haja. Hanywi mpaka mwenye nyumba amwambie amepewa."

"Basi na aseme haja yake."

"Hasemi. Unampa kwanza, ndipo aseme."

Hapo, mwanangu, niliogopa kuliko mwanzo. Ampe kitu asichokijua? Kama mzee huyu amekuja kuomba tuivunje posa, na baba amekwisha kusema ndiyo? Baba naye alikuwa anafikiri hayohayo, nilimwona. Alimtazama mama yake, akamtazama mgeni, akautazama mkeka. Nje watu walikuwa wanaharakisha kwenda msikitini. Muda ulipita mrefu. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu, sasa anaambiwa atoe tena, na atoe gizani.

Mwisho baba aliinama, akakisogeza kikombe karibu na mkono wa Mzee Khalfan. "Kunywa, Sheikh. Ulichokijia umekipata."

Mzee Khalfan akaibugia ile kahawa iliyopoa kwa mkupuo mmoja. "Nnataka radhi yako," alisema. "Neno lile la mawe sikulala nalo. Mtu aliyefiwa na mji wake hasimangwi. Nisamehe, kisha kesho nipe binti yako, kama bado unatuona watu."

Baba alilia, mwanangu. Alilia mbele ya mgeni, na nadhani hakuwa amelia tangu Unguja. "Mie ndiye niliyeanza," alikuwa akisema, "mie ndiye niliyeanza." Bibi akarudi kwenye tasbihi yake, ati hayamhusu.

Tukafungishwa ndoa Ijumaa. Huyo Salim ndiye babu yako, Mungu amrehemu. Wazee wale waliendelea na wafalme wao mpaka mmoja alipomzika mwenzake, na pale penye mgawano walibishana kama kawaida, ila kila mmoja alikuwa akimtetea mfalme wa mwenzake.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kuipenda asili yako. Jua ulikotoka, jua wafalme na watumwa wao, jua nani alimfanyia nini nani. Lakini historia ukiifanya fimbo, utampiga nayo jirani anayekuletea kuni. Na mtu akikufanyia jambo usilolielewa, usikimbilie kuona tusi. Pengine ndiyo adabu ya kwao, naye amesimama mbele yako anaomba. Muulize. Na siku utakapolisema wewe neno la mawe, maana utalisema, sote tunalisema, usijifariji kuwa limekwisha kutoka basi. Neno halirudi, hiyo ni kweli. Mtu ndiye anayeweza kurudi, tena kwa miguu yake, mchana, watu wanaona.

Mungu akupe ulimi mzito wa kusimanga na mwepesi wa kuomba radhi. Akuhifadhie wazee wa kukukemea ukiwa umesimama na hasira. Na akujaalie nyumba ambayo hata aliyekukosea haogopi kupiga hodi. Amin.