Hatamu ya Kichwa Kidogo

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Gatitu, pale pembeni mwa mji wa Nyeri, na bwana harusi akaja amepanda farasi. Siku hizi ndio mtindo, rafiki yangu. Farasi anakodishwa pamoja na hema na viti, anashushwa kwenye lori, anavishwa maua shingoni, na kijana ambaye hajawahi kupanda hata punda anawekwa juu na kuambiwa atabasamu. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi nilikuwa naangalia kichwa cha yule farasi. Hatamu ilikuwa kubwa mno. Mkanda wa shavuni ulikuwa umeteleza hadi karibu na jicho, na chuma cha mdomoni kiligonga meno yake kila alipopiga hatua. Kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimeinuka na mkoba wangu mkononi, nimewapita wapiga picha, na ninakaza bizimu.

"Shosho, kwani unajua farasi?" kijana aliyemshika akaniuliza.

Nilimjibu kwamba niliwahi kumjua mmoja. Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikala pilau. Watoto wangu walinitazama kwa aibu kidogo, wakidhani umri umeanza kunichezea. Jambo lililonishangaza mimi ni jingine. Vidole vilikuwa vimekumbuka kila kitu, lakini moyoni hakukuwa na chochote.

Nilikulia juu ya mji wa Nyeri, upande wa kwenda Nanyuki, kwenye shamba lililokuwa la mzungu. Baba alikuwa saisi wake, yaani mtunza farasi. Asubuhi nilimletea uji zizini kabla ya kwenda shule, na mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi kavu iliyoloa umande nahisi na ladha ya ule uji wa wimbi uliochacha vizuri. Uhuru ulipokuja mzungu aliwauzia watu shamba kwa hisa, akaondoka na farasi wake wote isipokuwa mmoja. Alikuwa jike mdogo wa rangi ya majani makavu, na kichwa chake kilikuwa kidogo hata kwa mwili wake ule. Tulimwita Kanini, ndiyo kusema kadogo. Mzungu alimwambia baba amtunze, akamwachia na koti lake zito la mvua. Koti lilikuwa la baba, hilo hakuna aliyebisha. Lakini habari ya farasi haikuandikwa popote, kwa hiyo kamati mpya ya shamba ikamtia katika mali ya wote, pamoja na majembe na mapipa.

"Ng'ombe anatoa maziwa," mwenyekiti wa kamati alisema mkutanoni. "Punda anabeba maji. Huyu naye anafanya nini?"

Baba alisimama, kofia mkononi. Alisema farasi huyu anaweza kukusanya ng'ombe wa malisho ya juu, karibu na msitu, kazi iliyowachukua wanaume wanne asubuhi nzima. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alimpa baba muda mpaka mkutano uliofuata. Farasi akishindwa, aende.

Shida ikawa hatamu. Mzungu alikuwa amebeba zote nzuri, na ghalani ilibaki moja tu, ya farasi dume mkubwa aliyekufa zamani. Ilimmeza Kanini. Mwenye funguo za ghala aliitazama ikining'inia akasema, "Mpatie tu hiyo. Ati ni kubwa ni nini? Atakua."

Hakuna aliyecheka, na hata mimi sikuona kosa. Sweta yangu ya shule ilinifika karibu na magoti kwa sababu hiyo hiyo, na viatu vya kaka yangu vilijazwa magazeti mbele. Kwetu kitu kipya kilinunuliwa kwa ajili ya mtu utakayekuwa, na wewe wa leo ukavumilia. Ila Kanini alikuwa na miaka kumi na miwili, mkubwa kuliko mimi kwa miaka miwili. Hangekua tena.

Baba alijua. Lakini mkutano ulikuwa unakaribia, na matundu ya mkanda yalikuwa yameisha, basi akaukunja na kuufunga fundo nyuma ya masikio. Baada ya siku tatu fundo lilikuwa limechubua ngozi, na chuma kilikuwa kimemkata pembe ya mdomo. Kanini akaanza kurusha kichwa akiona tu mkono wa baba. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kumwona baba akiona haya mbele ya mnyama.

Aliyetuokoa ni nyanya, mama yake baba, ambaye maisha yake yote hakuwa amemgusa farasi na alimwogopa waziwazi. Lakini nyanya alikuwa na kibonde kwenye paji la uso, kutoka sikio hadi sikio, ambacho ungeweza kulaza kidole ndani yake. Kilichongwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi ambao mama zetu walibebea kuni na maji. Mambo ya mkanda na kichwa hakuna ambaye angemfundisha. Alikuja zizini amejifunga shuka, akapapasa lile fundo, akampiga baba kibao cha mkono.

"Miaka yote hiyo umekula mshahara wa mzungu," akamwambia, "na hujui fundo halikai juu ya mfupa? Mkanda mzuri ni ule unaousahau."

Akatoa kamba ya mkonge, ile ya kusukia vikapu vya kiondo, akaanza kupima. Baba alishika kichwa, mimi nilishika kamba, nyanya alifunga mafundo akiwa amesimama mbali kadiri alivyoweza. Kamba ya kwanza, yenye fundo kila mwisho, ilitoka pembe moja ya mdomo, kupitia nyuma ya masikio, hadi pembe ya pili. Kamba nyingine ilipita kwenye paji la uso, isiyavute masikio. Ya tatu ilizunguka pua, vidole viwili vikipita chini yake, na ya nne ilizunguka koo kwa ulegevu wa kutosha ngumi. Upana wa mdomo ulipimwa kwa kijiti. Nyanya alizikunja kamba zote akazifunga ndani ya leso, akaniambia nisizilowanishe kwa maana mkonge ukiloa husinyaa na kudanganya.

Tulikwenda Nanyuki, baba na mimi, kwenye lori la maziwa. Baba alikuwa amevaa lile koti la mvua na alionekana mtu wa maana. Pale mjini kulikuwa na duka la mzee mmoja Mwislamu aliyewauzia watu wa mifugo kamba, kengele na matandiko ya zamani. Duka lilinuka ngozi, mafuta ya kondoo na kahawa ya tangawizi. Mzee alitandaza kamba zetu juu ya meza, akazitazama, akavuta ndevu, akamuuliza baba.

"Mzee, hii kichwa ni ya farasi ama ya mbuzi?"

"Ni ya farasi," baba akasema. "Lakini kichwa yake iko kidogo."

"Basi huyo ni wa damu ya kaskazini. Wako hivyo. Kichwa kidogo, roho kubwa."

Alitoa hatamu tatu. Ya kwanza ilikuwa na mkanda mwekundu wa paji la uso wenye vishaba vinavyong'aa, na mimi nilishaipenda kabla haijagusa meza. Baba aliweka kamba juu yake. Mkanda ule mwekundu ulipungua upana wa kidole. Nilisema kidole si kitu. Baba alinishika sikio, akalivuta mbele taratibu, akaliacha hapo huku akiendelea kuzungumza na mzee. Baada ya muda kidogo nikasema nimeelewa.

Ya pili ilikubali vipimo vyote, ila bizimu zilikwenda mpaka tundu la mwisho kabisa. Mzee mwenyewe aliirudisha ukutani. "Ile inatosha kwa tundu ya mwisho, haitoshi," akasema.

Ya tatu ilikuwa ya rangi ya kahawa iliyoungua, haina pambo, imeshonwa upya mahali pamoja. Baba aliikunja karibu na sikio lake asikie kama ngozi inalia. Haikulia. Mafundo ya nyanya yaliangukia tundu la katikati, kulia na kushoto. Chuma chake kilizidi kile kijiti kwa unene wa penseli kila upande, jinsi inavyotakiwa.

"Mama, fumba macho," baba akaniambia. Mimi ni binti yake wa kwanza, nimebeba jina la mama yake, na hakuniita vingine. Akaweka mkanda wa ile ya tatu mikononi mwangu na ule mwekundu juu yake, nipapase upande wa ndani, ule unaogusa mnyama. Nilichagua ule mbaya wa sura. Baba alivua koti akaliweka juu ya meza. Mzee alilipapasa naye upande wa ndani, akatikisa kichwa kukubali. Tulirudi na baridi ya mlima ikitukata, baba na shati lake, na sikumsikia akilalamika.

Tulingoja vidonda vipone. Kisha asubuhi moja ya ukungu baba alimvisha, na Kanini akashusha kichwa mwenyewe, akatafuna chuma mara mbili, akatulia. Nyanya, kutoka mlangoni, alisema, "Ameusahau." Nilifurahi siku ile. Nakuambia hivyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho katika habari hii kuhisi kitu waziwazi.

Siku ya majaribio alikusanya ng'ombe wote wa malisho ya juu kabla chai ya kamati haijapoa. Wanaume walipiga makofi. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu hapo kila mgeni aliletwa zizini kuonyeshwa farasi wetu. Mmoja wa wageni hao alikuwa mchuuzi wa mifugo wa Nanyuki. Alimtazama Kanini akifanya kazi, akasema atatoa mitamba wawili wa gredi, wale wa maziwa mengi, wote wenye mimba.

Fikiria shamba lenye nyumba arobaini na maziwa ya kugombania. Kamati ilipiga kura kwa mikono. Baba aliinua mkono wake pia, maana nyumbani tulikunywa chai ya rangi na mdogo wangu alikuwa na kifua. Nilikuwa dirishani, nikauona ule mkono. Hapo ndipo moyo ulipokufa ganzi, na sikulia.

Jirani yetu, mama aliyekuwa akifua nguo za mzungu, alinikuta mtoni jioni yake. Aliweka ndoo chini akaninong'oneza. "We msichana, ile hatamu kubwa si bado iko ghalani? Kesho umpatie baba yako hiyo tu mkononi. Farasi atasumbua, na hawa watu watachoka waende zao. Hakuna mtu anataka farasi kichaa."

Asubuhi lori lilikuja na mitamba wawili, wazuri kweli, macho meusi. Wakashushwa. Watu wa mchuuzi wakamfunga Kanini kamba shingoni, akakataa. Alivuta nyuma, akapiga mateke ubao, na mchuuzi akaanza kumtazama kwa shaka. Akasema mnyama wa namna hiyo atamvunjia watu mikono, afadhali mitamba wapandishwe tena. Mwenyekiti alimgeukia baba. Baba akanigeukia mimi.

"Mama, niletee hatamu."

Hakusema ipi.

Ghalani zilining'inia kwenye misumari miwili iliyokaribiana. Niliitoa ile kubwa. Ilikuwa nzito, na chuma chake kilikuwa na baridi. Niliishika kwa muda, nikisikia kwato zikigonga ubao huko nje, nikijua vizuri kabisa kwamba nikitoka nayo Kanini atabaki. Nilimwona akirusha kichwa, na kidonda kikifunguka pale pale kilipofunga. Nikairudisha kwenye msumari. Nikachukua ile ndogo nikampelekea baba.

Hakurekebisha tundu hata moja. Kanini alishusha kichwa, akatafuna chuma, akapanda lori nyuma ya baba bila kusita, kwa sababu hakukuwa na kitu kinachomuumiza. Mchuuzi aliuliza kama hatamu inabaki. Baba alisema hapana, ni ya Kanini, haitamfaa mwingine.

Tulipata maziwa. Yalikuwa matamu, nitakudanganya kwa nini? Mdogo wangu alipona kifua. Nyanya alikunywa, mimi nilikunywa, baba alikunywa.

Shamba lile sasa limekatwa vipande vipande, na pale zizi lilipokuwa pana nyumba ya ghorofa yenye madirisha ya bluu. Malisho ya juu ni viazi na ua wa nyaya. Mama wa siku hizi hawana kibonde kwenye paji la uso, na hilo ni jambo jema, ingawa sijui ni nani angeweza leo kumpima farasi kwa kamba ya kiondo. Nilisomesha watoto wa watu miaka mingi, nikazaa, nikazika. Watu husema mimi ni mtulivu. Si utulivu.

Baba aliishi mpaka uzee. Katika wiki zake za mwisho, siku moja nikimlisha uji aliushika mkono wangu wenye kijiko.

"Mama, siku ile ya lori nilikutuma wewe. Unajua kwa nini?"

Nilisema sijui.

"Ningeenda mwenyewe ningerudi na ile kubwa. Nilijua wewe huwezi."

Nilimfuta mdomo. Nilimfunika blanketi, nikakaa nikingoja machozi, maana hilo ni neno la kumliza mtu, nayo hayakuja. Sikumwambia kwamba niliishika ile kubwa kwanza, wala kwa muda gani. Alikufa akiamini kwamba sikusita.