Zizi la Mama Resian

Joram alikuwa fundi wa kujenga ua pale Noonkopir, na watu walimwamini. Mama Resian alipomwita amjengee zizi la kondoo, alikuwa ameshaamua: alitaka nguzo za plastiki, zile nyeusi zinazotengenezwa kwa taka zilizoyeyushwa.

"Hizo mchwa haiwezi," alisema.

"Plastiki ikipigwa na jua inapinda, mama. Mwanzi ni mgumu, na hauchafui shamba. Na huu wangu nimeuloweka kwa dawa."

Mwanzi ni mgumu kweli. Lakini ule wa Joram haukuwa umeguswa na dawa. Ulikuwa umerundikwa uani kwake miezi mingi, naye alitaka uondoke tu. Mama Resian akamwamini, zizi likajengwa kwa mwanzi.

Mwaka haukuisha. Asubuhi moja Mama Resian alipiga simu: fisi wameingia, kondoo saba wamekufa. Joram alipofika alikuta nguzo zimekatika usawa wa ardhi. Aliminya moja, ikageuka unga mkononi. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda.

"Ni Lemein," Mama Resian alisema kwa uchungu. Lemein alikuwa amemchungia kondoo miaka sita. "Alikuwa anarundika mbolea hapo kwa nguzo, ndio ikaleta mchwa. Nimemfukuza."

Joram aliletewa chai, akanywa.

Wiki mbili hakupata raha. Mwishowe alipakia nguzo za plastiki kwenye pikapu, akarudi.

"Mama, ule mwanzi haukuwa na dawa. Nilikudanganya."

"Na chai yangu ukanywa," alisema Mama Resian. "Jenga. Ukimaliza, mtafute Lemein umwambie wewe mwenyewe. Mwambie arudi."

Alimpata Kajiado, kwenye machimbo, akipakia mawe kwenye lori. Lemein alimsikiliza hadi mwisho, vumbi limemjaa usoni.

"Nilikuwa nimeanza kuamini ni mimi," alisema. "Hata mke wangu nilimwambia ni mimi."

"Mama Resian anataka urudi."

"Alinifukuza watoto wangu wakiona. Sirudi."

Akainama, akainua jiwe lingine. Joram alisema pole mara mbili, kisha akaondoka.

Siku hizi mteja akitaka mwanzi, Joram humwita aje auone ukilowekwa. Lakini akiwa na kazi Kajiado, huzunguka mbali, asipite karibu na yale machimbo.