Koili ya Pili

Baba yangu alikuwa sonara, na alikuwa na ulimi mbaya. Fedha yake niliivaa siku ya harusi yangu, na ulimi wake niliusikia kila siku baada ya mume kunirudisha, maana niliachwa kabla mwaka haujatimia. Mama alikuwa amekwisha kufa. Tulibaki wawili katika nyumba ya mawe mtaani Mkomani, kisiwani Amu, yeye kwenye daka la mbele, ile baraza ya mlangoni, na vyombo vyake vya kazi, mimi ndani. Nikimpelekea kahawa aliuliza, wageni wakisikia, kama nimeipika mwenyewe au nimeiomba kwa jirani, kwa kuwa mimi kila kitu hunishinda. Wageni wakicheka, aliongeza.

Miaka ile Wazungu walikuwa vitani na meli za Ulaya zilikuja kwa nadra. Mzungu mmoja mwenye shamba la mpira kule bara alikuwa na pikipiki, ingawa sisi siku zile tuliiita baiskeli ya moto. Ilikuwa na dainamo ndogo iliyozungushwa na mkanda. Dainamo hiyo ndiyo iliyotia nguvu kwenye betri, na betri ndiyo iliyowasha taa na kuipa injini cheche. Ndani ya dainamo mlikuwa na koili mbili, yaani vigurudumu viwili vilivyozongwa waya mwembamba mno. Unyevu wa bahari ukala koili moja, ikaungua, betri ikafa, na ile mashine ikawa mahali pa kuku kulala. Vipuri havikupatikana hata Mombasa. Mtu akamwambia Mzungu kwamba Amu yuko sonara anayevuta waya wa fedha hadi uwe kama unywele. Basi pikipiki ikavushwa kwa mashua, ikasukumwa na wapagazi wawili mpaka kwenye daka letu.

Baba alisema ataiweza. Alisema mbele ya watu, kwa sauti, na watu wakamwamini. Mimi peke yangu nilijua kwamba Baba alikuwa haoni.

Ukungu ulikuwa umemwingia machoni mwaka mzima. Alikuwa akitengeneza bangili nene tu, kwa mazoea ya mikono, na mtu akimletea kazi ya nakshi alisema hana nafasi. Alificha kwa sababu alijua watu wake. Nani angemwachia kipofu fedha yake? Siku ambayo ukungu ule ungejulikana ndiyo ingekuwa mwisho wa duka, na mwisho wa jina lake, na jina ndilo kitu alichokipenda kuliko mtu yeyote.

Aliingia kiwandani, ule uwanja wa ndani wa nyumba usio na dari, akanitupia ile koili mapajani.

"Tukua. Fungua waya huu, uhesabu umezunguka mara ngapi. Na mdomo wako uufunge."

"Mbona mimi?"

"Kwa kuwa huna kazi."

Nikahesabu kwa tasbihi, punje moja kila mzunguko. Zilikuwa tasbihi saba na punje kumi na nne. Baba akavuta waya mpya wa shaba kupitia matundu ya chuma chake, maana kuvuta kwataka nguvu tu. Mimi nikauvika waya ule uzi wa hariri toka mwanzo hadi mwisho, ili shaba isigusane na shaba. Kisha nikaanza kuuzonga. Siku ya pili macho yalinitoka machozi kwa mng'aro wa hariri, nikayafumba nipumzike, na vidole vikaendelea vyenyewe. Hapo ndipo nilipojua. Ukucha wa kidole gumba husikia kila waya ulipolala, na waya unaofuata huteleza wenyewe ukakaa ubavuni mwa mwenzake. Ukipanda juu ya mwingine, ukucha hukwama. Nusu ya kazi ile niliifanya macho nimeyafumba, na ndiyo nusu iliyonyooka zaidi. Mwisho nikaipaka lakiri iliyoyeyushwa kwa spiriti ya yule Mzungu, nikaianika juani.

Koili iliporudishwa ndani ya dainamo, Mzungu aliazima betri kavu za kuiamshia injini. Wanaume wakajaa ndiani, mbele ya daka, nami nikasimama nyuma ya mlango. Injini ilipiga kelele tangu adhuhuri mpaka karibu na alasiri, ikiijaza ile betri yake. Kisha akaizima, akaondoa betri za kuazima, akafungua taa. Taa ikawaka. Nilisikia wanaume wakimtukuza Mungu, na nilijiziba kinywa kwa mkono nisicheke kwa furaha.

Mmoja wao akamuuliza Baba, "Na yule binti yako, yungali nyumbani?"

"Yule?" akasema Baba. "Yule hata sindano hawezi kuitia uzi. Mumewe alimrejesha kana ndoo mbovu."

Wakacheka wote. Vidole vyangu vilikuwa vingali na mikato ya waya wake. Sikulia. Nilirudi jikoni nikapika, nikampakulia, naye akala akasifu mkono wake mwenyewe mpaka aliposhiba.

Haikupita miezi mitatu pikipiki ikarudi. Koili ya pili, ile ya zamani ambayo hatukuigusa, nayo ilikuwa imeungua. Safari hii Mzungu alikuja na kiti chake na daftari. Alisema kwa kinywa cha msimamizi wake kwamba atakaa pale dakani atazame kazi yote tangu mwanzo, ajifunze, asije akasumbua watu tena. Habari ikaenea, na wanaume wakaja kutazama Mzungu akifundishwa na sonara wao.

Baba aliingia ndani. Hakunitupia kitu. Alikaa mkekani mbele yangu, jambo ambalo sikupata kumwona akilifanya.

"Mwanangu," akasema. Tangu nirudishwe hakuwa ameniita hivyo. "Ameshaweka kiti. Watu wameyaa. Nambia, uliifanyaye?"

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa jepesi, la maneno machache: fumba macho, Baba, ufuate ukucha. Mikono yake ilikuwa na miaka arubaini ya kazi zaidi kuliko yangu. Angeifanya vizuri kunishinda, na Mzungu angeandika katika daftari lake kwamba sonara wa Amu huzonga waya bila hata kuutazama.

"Kwa mato, Baba," nikamwambia, kana kwamba niliifanya kwa kutazama tu.

"Kwa mato," akasema, akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni.

Nilisimama nyuma ya mlango nisikose hata kidogo, na kwenye upenyo niliona yote. Aliuleta waya mpaka puani. Akakodoa macho, akakunja uso, akaufuata kwa kuuangalia kama nilivyomwelekeza, na kila mzunguko ulipanda juu ya mwenziwe. Alipoukaza, ukakatika. Akapapasa ncha.

"Sonara, waya uko huku," akasema msimamizi. "Hapo washika upepo."

Wakacheka, wale wale. Mtu mmoja akampungia vidole mbele ya uso, Baba asipepese, na hapo kicheko kikazidi. Mzungu peke yake hakucheka. Aliitoa ile koili mkononi mwa Baba polepole, akafunga daftari. Mimi nilifurahi. Sitasema uongo leo, nikiwa mzee hivi: nilifurahi kweli kweli.

Asubuhi yake wanawake walikuja mlango wa nyuma kudai vyao. Bangili, vikuku, vipini vya pua, hereni za harusi zilizokuwa zikingoja kutengenezwa. Baba alikaa na sanduku lake kati ya magoti, mtu akisema jina lake, naye anatia mkono, anapapasa, anatoa. Walikuwa wengi. Alimpa kila mmoja chake kwa vidole tu, bila kukosea hata kimoja. Nilimtazama akifanya hivyo na furaha yangu ikaniishia pale pale.

Tangu siku ile hapana aliyeleta kazi. Niliuza vyombo vyake kimoja kimoja, kisha nikashona kofia za watu ili tule. Aliishi miaka sita zaidi. Ulimi wake ulikufa kabla yake. Alikuwa akikaa mkekani amenyamaza, akinipisha nikipita, kama mgeni aliyekaa sana. Nilitamani anitukane.

Mara moja tu alizungumza juu ya jambo lile. Alikuwa na bakuli la uji mkononi. Alisema hanilaumu kwa lolote, maana nilimwambia kweli: kazi ile ilitaka macho, naye hakuwa nayo, na kosa ni lake aliyekwenda kuketi mbele ya watu.

Nikamwambia anywe, uji unapoa.