Shikamoo ya Seva

Ofisini kwetu Tabora tulikuwa na kompyuta ya mazoezi, na pia seva iliyohifadhi nakala pekee ya sauti za wazee wakisimulia, kwa Kinyamwezi, safari za misafara. Zote mbili tuliziendesha kupitia dirisha lilelile jeusi la kuandikia amri, na zote zilitungojea kwa alama ileile ya dola. Hivyo aliyekusudia kufuta mazoezi yake angeweza kuwafuta wazee. Nikaamua kuitangulizia alama hiyo neno. Kwenye kompyuta ya mazoezi niliweka “Mambo”. Kwenye seva, “Shikamoo”.

Asubuhi moja mwenzangu, mtu mzima mwenye kushika sana adabu, aliketi kufuta mazoezi. Kabla ya amri yoyote akaandika “marahaba”. Jibu likaja kwamba amri hiyo haijulikani.

“Mashine yako haina adabu, bwana! Inaniamkia, nikiitikia inasema hainijui.”

“Inayoamkia ni seva, kaka. Ile ya mazoezi husema mambo.”

Akaondoa mikono yote miwili kwenye kibodi. Kisha akaiacha seva, akafuta mazoezi yake kunakostahili, na sauti za wazee zikabaki salama.