Gauni Langu Sandukuni

Juzi, kwenye stesheni ya Kamina, niliona gitaa limezungushiwa vitenge, nikasikia tena harufu ya sabuni ya mama. Mchana mmoja, nilipokuwa mtoto, baba alilegeza nyuzi za gitaa lake, kumbe ili shingo isivunjike njiani, akalilaza katika sanduku la kumpelekea kaka Lubumbashi. Kisha akajaza humo vitenge vya mama. Mimi nikajua mama anatuhama. Nilikimbia kuleta gauni langu.

“Na yangu, papa. Miye naenda na mama.”

Hakuelewa. Alilisokomeza chini ya shingo ya gitaa, akatikisa sanduku, akasikiliza.

“Aksanti, mwana. Sasa gitaa haitikisike tena.”

Sanduku lilitulia. Mimi sikutulia; nilikaza macho mlangoni, nikimngoja mama atoke na viatu vya safari miguuni.